Alama za Akili na Mizani ya Kuzisomea

Maswali 50 kwa dakika 12: hicho ndicho kipimo cha Wonderlic, ambacho waajiri wa Marekani wamekitumia kwa miongo mingi kuwachuja waombaji wa kazi. Ligi ya mpira wa Kimarekani, NFL, nayo iliwapa vijana waliotaka kusajiliwa, hadi ilipoachana nacho mwaka 2022. Mkemia, mtunza ghala na mchezaji hujibu maswali ya namna moja. Kasi ya kusoma na kukokotoa hupimika. Jicho linaloona upenyo uwanjani halipimiki.

Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikwisha kuonya. Mwaka 1971, katika kesi ya Griggs dhidi ya kampuni ya umeme ya Duke Power, ambamo Wonderlic ilikuwa miongoni mwa majaribio yaliyolalamikiwa, iliamua kuwa jaribio linalowafungia nje watu weusi ni batili lisipohusiana na kazi yenyewe.

Dhuluma iliyo nzito zaidi, hata hivyo, ilitendeka baada ya mchezo, mbele ya daktari. Wachezaji wastaafu walioathirika ubongo walistahili fidia endapo vipimo vingeonyesha kuwa uwezo wao wa kufikiri umeporomoka. Umeporomoka kutoka wapi? Alama zililinganishwa na wastani wa kundi, na wastani wa weusi ulikadiriwa kuwa wa chini tangu awali. Kwa alama zilezile, mweupe angeweza kuhesabiwa mgonjwa na mweusi mzima. Wachezaji wa zamani Kevin Henry na Najeh Davenport walishtaki mwaka 2020. Mwaka uliofuata ligi iliahidi kuufuta utaratibu huo.

Marekebisho hayo, ni haki kusema, hayakubuniwa kwa nia mbaya: yalikusudiwa kumkinga aliyenyimwa shule bora asipachikwe ugonjwa asiokuwa nao. Kosa lilikuwa kuifanya rangi isimame badala ya elimu, ilhali elimu yaweza kuulizwa kwa swali moja.

Swali hilo lina nafasi katika kila kliniki. Mzee aliyeishia darasa la nne akishindwa kupunguza saba saba kuanzia mia, hajathibitisha kuwa amepoteza chochote. Aulizwe alisoma hadi wapi na hufikiri kwa lugha gani. Na mwanawe aulizwe kama mwaka jana baba alikuwa bado akiziweka mwenyewe hesabu za duka.