Miezi sita unakuwa mtaalamu wa altrasaundi? Acheni hizo!

Najua nimepotea, na kuna waliokuwa wananiuliza pembeni kama nimedisko. Sijadisko jamani, bado nipo hapa hapa Upanga. Ni mitihani ya katikati ya muhula na zamu za chumba cha picha ndio vimenikaba koo. Leo nimeshika kibodi nikiwa na hasira, kwa hiyo atakayeguswa asome mpaka mwisho kwanza, halafu ndio aninunie.

Kisa chenyewe ni hiki. Jumamosi nilitoka hapa Muhimbili kwa miguu, nikafuata Umoja wa Mataifa mpaka Faya, nikavuka, nikazama Kariakoo kumsalimia mama mdogo. Mama mdogo anauza vyombo vya plastiki karibu na Mtaa wa Kongo, ndoo, mabeseni, vitu kama hivyo. Nikamkuta na mdogo wangu, binti yake, aliyemaliza kidato cha nne. Mtoto anacheka mpaka jino la mwisho.

"Shikamoo dada. Dada, nimepata chuo!"

Akanipa kipeperushi. Dada mrembo kavaa koti jeupe, kashika kile kifaa cha kupitisha tumboni, na chini yake maandishi mekundu: SOMA ALTRASAUNDI, MIEZI SITA TU, AJIRA NJE NJE, CHUO KIMESAJILIWA. Sifa za kujiunga: ufaulu wowote. Ada laki tisa, nusu unatanguliza. Na mama mdogo zamu yake ya upatu ilikuwa inaangukia Ijumaa hii. Yaani hela ilikuwa imeshapangiwa safari kabla haijafika mkononi.

Nikamuuliza, "Kimesajiliwa na nani?"

"Si wameandika kimesajiliwa, dada."

Nikapiga namba iliyoandikwa, nikaweka sauti ya nje ili wote wasikie. Akapokea kaka mmoja mchangamfu kweli. Nikamwuliza swali lile lile. Akajibu bila kusita: "Sisi tuko BRELA, dada yangu, tuna TIN na leseni ya biashara. Kila kitu kiko sawa."

Wadau, BRELA inasajili makampuni na majina ya biashara. Kwa usajili huo hata banda la chipsi pale Faya lingekuwa chuo kikuu! Leseni ya biashara inasema mwenye nacho anaruhusiwa kufanya biashara, na inaishia hapo. Haisemi kwamba anaruhusiwa kumfundisha binti wa watu kusoma picha ya mimba.

Sasa hapa ndipo ninapotaka tuelewane, maana neno "kimesajiliwa" limeshawaliza wengi. Kuna maswali matatu tofauti na watu wanayachanganya kuwa moja.

La kwanza, chuo chenyewe kinatambuliwa? Kwa astashahada na stashahada wenye kazi hiyo ni NACTVET, ile tuliyokuwa tunaiita NACTE. Kwa shahada ni TCU. Chuo cha afya kilichosajiliwa kina namba inayoanza na REG/HAS. Mwombe namba hiyo, halafu usiishie kuiona kwenye kipeperushi chake. Nenda kaitafute mwenyewe kwenye orodha ya NACTVET. Karatasi haikatai wino.

La pili, programu je? Hapa ndipo wajanja wanapojificha. Chuo kinaweza kuwa na usajili halali kabisa kwa ajili ya uuguzi au famasi, kisha kikafungua chumba cha nyuma na kuanza kufundisha kitu ambacho hakikuruhusiwa. Ukiuliza "chuo kimesajiliwa?" utajibiwa ndiyo, na hatakuwa amekudanganya. Swali lako liwe: "Programu hii, kwa jina hili, kwa ngazi hii, mmeruhusiwa kuifundisha hapa?" Kila mwaka NACTVET hutoa kitabu cha mwongozo wa udahili chenye vyuo, programu na sifa za kuingilia. Kama programu yako haimo humo, basi shika hela yako.

La tatu, na hili hata sisi wa kampasi wengi hatulijui mpaka tufike mwaka wa mwisho: ukimaliza, baraza litakusajili? Tangu sheria ya mwaka 2007, sisi watu wa picha tuna baraza letu, Baraza la Wataalamu wa Radiolojia, kama madaktari walivyo na lao na wauguzi lao. Bila baraza kukutambua wewe si mtaalamu, una karatasi tu yenye mhuri. Huyo kaka mchangamfu nilipomuuliza kuhusu baraza, simu ikakatika. Nikapiga tena. Haipokelewi.

Njia halali ya kwetu iko wazi na haijafichwa. Altrasaundi hapa inafundishwa ndani ya radiografia, humo humo pamoja na eksirei. Stashahada ni miaka mitatu, ngazi ya 4, ya 5 na ya 6, na mlangoni wanataka D nne za kidato cha nne zikiwemo Baiolojia, Kemia na Fizikia. Kuna hapa kwetu MUHAS, kuna Bugando kule Mwanza, na vingine utaviona kwenye mwongozo. Majirani zetu Kenya nao, pale KMTC, altrasaundi ni masomo ya juu anayoendelea nayo mtu aliyekwisha kusomea taaluma ya picha. Kampala kuna taasisi ya ECUREI pale Hospitali ya Mengo, wao altrasaundi ndio kazi yao hasa. Lakini hata ukienda huko, uliza kwanza kama cheti chako kitalinganishwa na kukubaliwa huku nyumbani, usije ukarudi na begi la vyeti vya kutundika ukutani.

Nawasikia mnaobisha. Hoja ya kwanza: "Mashine zenyewe siku hizi zinafanya kila kitu, ni kubonyeza tu, na nyingine unachomeka kwenye simu." Hii hoja naichukia kuliko zote, kwa sababu aliyeianzisha hajawahi kushika hicho kifaa. Mashine ya altrasaundi haioni, inasikiliza mwangwi. Inapiga sauti ambayo sikio la binadamu halisikii, inangoja irudi, na inapiga hesabu kwa kudhani kwamba mwilini sauti inakwenda mita 1,540 kwa sekunde. Haijui kama umeshika kifaa vibaya. Haijui kama ile giza ni maji, au ni kivuli tu cha mfupa au jiwe. Hewa kidogo ikibaki katikati, picha inakufa, ndio maana tunapaka ile jeli. Kinachotofautisha kivuli na ugonjwa ni jicho na mkono wa mtu, na vyote viwili vinafundishwa kwa kusimamiwa, mgonjwa baada ya mgonjwa.

Chukulieni mama aliyepima mkojo akakuta ana mimba, tumbo linamuuma upande mmoja. Anaingia kwa mtaalamu wa miezi sita. Huyo anaangalia kizazi, hakuna kitu, anamwambia "bado changa, rudi baada ya wiki mbili." Kumbe mimba imetunga nje ya kizazi. Wiki mbili huyo mama huenda asizione, mirija ikipasuka anavuja damu kwa ndani. Au mama wa miezi minane anayeambiwa tarehe ya kujifungua kwa uhakika kama ratiba ya treni, wakati kila aliyesoma anajua kwamba mimba ikishakuwa kubwa makadirio yanaweza kukosea kwa wiki tatu. Mtu anapasuliwa kabla ya wakati kwa tarehe ya kubuni. Je, hapo bado ni kubonyeza tu?

Hoja ya pili: "Mbona kuna kozi fupi za altrasaundi, na hospitali kubwa wanazitambua?" Zipo, sikatai. Lakini angalieni ni za nani. Daktari, tabibu au mkunga ambaye tayari yuko kwenye baraza lake anakwenda kuongeza ujuzi juu ya taaluma aliyonayo. Anajua kizazi kikoje, anajua mgonjwa anayekufa anafananaje. Yeye anaongeza chumba kwenye nyumba. Mdogo wangu anaambiwa aezeke paa hewani.

Hoja ya tatu ndiyo iliyoniuma, kwa sababu aliitoa mama mdogo mwenyewe, pale pale mbele ya mabeseni: "Wewe umeshafika juu, sasa unamvutia mwenzio ngazi. Miaka mitatu nitaisomesha na nini?"

Nilikosa jibu kwa muda. Ni kweli, hawa matapeli hawavuni kwa matajiri. Wanavuna kwa mama wa upatu. Wameshanusa kwamba kazi ipo: tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri kila mjamzito apimwe altrasaundi angalau mara moja kabla ya wiki ya 24, na kila kona ya mji sasa kuna kituo kinachotaka mtu wa kushika kifaa. Kwa hiyo wanauza haraka. Lakini hebu tupige hesabu ya sokoni. Laki tisa ya karatasi isiyotambuliwa ni hela imetupwa baharini. Baraza halikusajili, hospitali inayofuata sheria haikuchukui, unaishia kwenye kachumba fulani ukilipwa kwa siku bila mkataba, na siku ukaguzi ukipita mwenye kituo ndiye wa kwanza kusema hakujui. Yaani unakuwa deiwaka. Tena deiwaka wa daladala akikosea, abiria anapitilizwa kituo tu.

Na upande wa hela, njia inayofunguka kwa chuo halali haifunguki kwa chuo cha kichochoroni. Kuanzia mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo ilianza kuwakopesha baadhi ya wanafunzi wa stashahada, na kwenye fani zilizopewa kipaumbele za afya zimo. Sio wote wanaopata, na kila mwaka una mwongozo wake, inabidi kusoma kwa makini. Lakini Bodi haitamsikiliza mtu anayesoma chuo ambacho serikali haikijui.

Sasa nageukia kwetu, wana kampasi wenzangu, maana hasira yangu nusu yake ni ya humu humu ndani. Mnajua na mimi najua kwamba kuna wenzetu wanaofundisha kwenye hivyo vichochoro jioni, kwa buku kumi kumi za vocha na nauli. Mmoja nilimfuata juzi kantini. Akaniambia, "Acha watu watafute maisha, sisi tunawasaidia angalau wapate mwanga." Mwanga gani? Wewe mwenyewe mwaka wa pili bado unasimamiwa, huruhusiwi kusaini ripoti, halafu jioni unamfundisha mtu wa kwenda kusaini! Koti lako jeupe la hapa Upanga ndilo linalotumika kama chambo. Mzazi akiuliza walimu ni akina nani anaambiwa "wanatoka Muhimbili." Hilo ndilo linamfanya mama mdogo afungue pindo la khanga.

Nasema bila kumumunya maneno: anayefundisha huko anashiriki. Na sisi tunaojua tukanyamaza kwa sababu ni mshikaji wetu, tunashiriki pia.

Ninachoomba ni kidogo tu. Kila mmoja wetu ana mdogo, binamu au jirani aliyemaliza kidato cha nne na ana kipeperushi mfukoni. Mkae naye dakika kumi. Namba ya chuo, jina la programu kwenye mwongozo, baraza. Halafu la nne la nyongeza: mazoezi yatafanyika hospitali gani, na nani atasimama nyuma yako? Chuo cha kweli kitakutajia hospitali. Tapeli atakuonyesha mashine moja mezani na mwanafunzi mwenzako amelala kitandani.

Mdogo wangu matokeo yake niliyaomba, nikayasoma pale pale dukani. Baiolojia C, Kemia D, Fizikia D, Jiografia C. Wadau, mtoto ana sifa! Mlango halali uko wazi mbele yake na alikuwa anakwenda kulipa laki tisa aruke ukuta. Hakuna aliyewahi kumwambia, na mimi ninayesoma fani hiyo hiyo, dakika chache kutoka duka la mama yake, nilikuwa sijawahi kumuuliza. Hiyo aibu ni yangu.

Upatu ni keshokutwa. Mama mdogo bado amenuna, simu zangu anapokea kwa "haya" na "sawa" tu. Lakini jana usiku mdogo wangu alinitumia ujumbe: "Dada, ule mwongozo unaanzia ukurasa wa ngapi kwenye radiografia?"

Kesho nikitoka zamu nashuka Kariakoo tena, tuutafute pamoja, na mama yake akae hapo hapo asikie. Akinifukuza na beseni nitawasimulia.

Ni hayo tu kwa leo. Tuko pamoja.