Desemba ya Kagera haimo kwenye hesabu

KIBANJANI
Na Jasinta Kokubelwa

Basi la Bukoba linalotoka Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, wiki ya tatu ya Desemba huwa halina pa kuweka mguu. Kuna mama mwenye watoto watatu na tiketi mbili, kijana aliyepakata televisheni ya wazazi wake, mzee aliyekataa katakata mfuko wake kuwekwa kwenye buti. Mbele yao ziko kilomita zipatazo 1,400: Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, mpaka migomba ianze kuonekana dirishani. Na kwa takwimu tunazosomewa bungeni kila mwaka, ndani ya basi hilo hamna mtalii hata mmoja.

Takwimu zenyewe ni nzuri, tusizibeze. Mwaka 2021 Tanzania ilihesabu watalii wa ndani 788,933. Mwaka 2024 wakafika 3,218,352, zaidi ya mara nne. Wageni kutoka nje mwaka huo walikuwa 2,141,895, kwa hiyo wenyeji tumewapita kwa zaidi ya milioni moja. Jumla yake ndiyo iliyovusha lengo la watalii milioni 5 lililowekwa kwenye ilani ya CCM ya mwaka 2020. Kwa wageni wa nje peke yao, nusu ya lengo hilo isingefikiwa.

Kilichotugutusha ni UVIKO-19. Wageni 1,527,230 wa mwaka 2019 waliporomoka hadi 620,867 mwaka 2020, na wenye hoteli wakakumbuka ghafla kwamba Mtanzania naye hulala, hula na hulipa. Tangu hapo matangazo ya kumkaribisha yameongezeka, ofa za sikukuu zimekuwa za kawaida, na filamu ya Royal Tour ya mwaka 2022, japo ilitengenezwa kwa ajili ya macho ya nje, iliwaamsha wengi wa ndani.

Kuna kituko kimoja katika takwimu hizo ambacho wasemaji hupenda kukiruka. Mwaka 2022 watalii wa ndani walikuwa 2,363,260. Mwaka 2023 wakashuka hadi 1,985,707, kisha mwaka uliofuata wakapanda kwa watu zaidi ya milioni 1.2. Je, mwaka 2023 Watanzania waliacha kusafiri? Mabasi yalijaa vilevile. Kinachopanda na kushuka hivyo ni idadi ya risiti zinazokatwa kwenye mageti ya hifadhi, makumbusho na vituo vya malikale. Wanafunzi waliopelekwa Mikumi kwa siku moja wamo. Familia iliyotoka Dar es Salaam ikakaa kijijini Kishanda wiki mbili, ikanunua mbuzi, ikapaka rangi nyumba, ikakodi viti na muziki wa harusi, haimo.

Watasema kwenda kwa bibi si utalii. Ukiuliza Shirika la Utalii la Umoja wa Mataifa, watakwambia ni utalii: mtu aliyetoka nje ya mazingira yake ya kila siku, akalala walau usiku mmoja, akakaa chini ya mwaka, na hakwenda kuajiriwa huko, ni mtalii. Kutembelea ndugu kumetajwa wazi miongoni mwa madhumuni ya safari hizo. Nyumba ya matofali ya kuchoma iliyojengwa kibanjani, yaani kwenye shamba la migomba la nyumbani, ikafungwa miezi 11 na kulindwa na mpwa, nayo ni nyumba ya mapumziko, hata kama mwenyewe haiiti hivyo.

Kwetu Kagera mambo haya yana uzito wa pekee, kwa sababu Mhaya hajengi mjini akasahau kibanja. Makaburi ya wazee yamo humo humo chini ya migomba. Na lazima niseme kwamba kwa miaka mingi safari ya nyumbani haikuwa ya raha. Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipogunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, walio wengi walirudi kuzika, na baada ya kuzika walirudi kugawana yatima. Mei 21, 1996 meli ya MV Bukoba ikazama na watu wa safari hizo hizo. Kizazi kinachorudi leo na watoto wanaocheka, na mke wa Iringa au mume wa Tanga ambaye hajawahi kuona senene, panzi wetu wa kuliwa, kinafanya jambo ambalo wazazi wao hawakupata nafasi ya kulifanya. Waitu, tusiwaonee haya kuwaita watalii.

Njia nayo inazidi kuwa rahisi. Meli iliyokuwa MV Victoria ilirudi majini mwaka 2020 ikiwa na jina la New Victoria Hapa Kazi Tu. Oktoba 2023 mabasi yakaruhusiwa tena kutembea usiku kucha. Juni 2025 likafunguliwa Daraja la J.P. Magufuli, Kigongo–Busisi, na aliyewahi kukaa foleni ya kivuko pale akitokea Mwanza anajua thamani yake bila kuelezwa. Watu watazidi kuja. Sina wasiwasi na hilo hata kidogo.

Wasiwasi wangu ni siku ya tatu.

Siku ya kwanza ni salamu. Ya pili ni kuzunguka kwa mashangazi na kanisani. Siku ya tatu mtoto wa Sinza amekwisha kula ndizi za kutosha, amekaa barazani na simu isiyo na chaji, anauliza: hapa mnaendaga wapi? Baba yake hana jibu. Fedha ya kutoka anayo, hamu anayo, na mke wake wa Iringa anamwangalia. Mwisho wa yote wanakwenda Bukoba mjini, kilomita kama 70 kutoka kwetu Muleba, wanakula sato ufukweni, wanatazama kisiwa cha Musira kwa mbali, wanarudi. Hapo ndipo utalii wa ndani wa Kagera unapoishia, nao haukukosa watu hata siku moja. Umekosa cha kuwauzia.

Tuna nini? Tunayo Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyozinduliwa Julai 2019, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 4,707, na sehemu yake imo wilayani Muleba. Mzaliwa wa Muleba aliyepiga picha na tembo wa Mikumi lakini hajakanyaga Burigi si mtu wa kutafuta, mtamkuta kila nyumba. Upande wa ziwani kuna Rubondo, hifadhi tangu mwaka 1977, ambako sokwe walipelekwa miaka ya 1960 kutoka kwenye mabustani ya wanyama ya Ulaya wakarejea maisha ya porini. Karibu na Maruku kuna Katuruka, ambako Profesa Peter Schmidt, Mmarekani, alichimbua matanuri ya kuyeyushia chuma yaliyotumika zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Watoto wetu wanafundishwa habari za viwanda vya Uingereza, na mababu zao walikuwa wahunzi hapo mtaa wa pili.

Kisha kuna kijiji cha Kashasha. Sijui kwa nini Muleba tunanyamaza kuhusu Kashasha. Januari 30, 1962, katika shule ya wasichana ya misheni, wanafunzi watatu walianza kucheka na hawakuweza kujizuia. Kicheko kikaambukiza wanafunzi 95 kati ya 159, shule ikafungwa mwezi Machi, wasichana wakarudi makwao, na baada ya muda kikazuka kijijini Nshamba na kukumba watu 217. Madaktari waliandika makala juu ya kisa hicho mwaka 1963, na hadi leo wanasaikolojia wa Ulaya na Marekani wanakitaja darasani. Mahali penyewe hapana hata kibao. Kwingine duniani pangekuwa na chumba kidogo cha maonyesho, mzee wa kusimulia, na chai ya kununua. Mahujaji wa Kikatoliki nao wana Rutabo, jimbo la kwanza la Laurean Rugambwa, aliyekuwa mwaka 1960 kadinali wa kwanza Mwafrika wa zama hizi. Kaburi lake liko ndani ya kanisa kuu la Bukoba.

Bei ya kuingia si kikwazo kikubwa kama tunavyodhani. Serengeti yenyewe Mtanzania mtu mzima analipa shilingi 10,000 bila kodi, na hifadhi zetu hizi za magharibi ziko chini ya hapo. Kinachomshinda mtu ni gari. Baba wa watoto wanne hawezi kukodi Land Cruiser kwa siku nzima akalipa na mafuta, na Noah ya kukodi haiendi kila njia. Hajui barabara ipi inapitika baada ya mvua za Desemba, wala geti lipi liko karibu na kwake. Kampuni zinazotembeza watu Bukoba zipo, Kiroyera Tours ni ya zamani kati yake, ila mteja waliyezoea kumtazamia ni mgeni wa nje.

Naona hatari moja katika hoja yangu. Tukianza kuhesabu kila aliyekwenda kijijini, waziri atasimama siku moja na watalii wa ndani milioni 15, makofi yatapigwa, na hakuna kitakachojengwa. Ndiyo maana nisingependa tuhesabu vichwa. Kenya hutangaza pia idadi ya usiku uliolalwa hotelini, na zaidi ya nusu yake ni ya wakazi wa nchi yenyewe. Hesabu ya namna hiyo humwonyesha mwenye nyumba ya wageni Muleba mjini kama aongeze chumba cha familia au la. Hapa kwetu ingetosha Ofisi ya Taifa ya Takwimu kuuliza kaya chache kila Januari: mlikwenda wapi, mkalala siku ngapi, mkatumia nini.

Tukisubiri hayo, jaribio la Desemba hii halihitaji sera mpya. Coaster moja iondoke stendi ya Muleba saa 12 asubuhi kwenda Burigi na irudi jioni, nauli na kiingilio vikiwa bei moja kwa kila kichwa, chakula kila mtu atoke nacho nyumbani. Tangazo lisomwe makanisani na misikitini wiki mbili kabla, kwa sababu aliye likizo kijijini hafungui tovuti ya TANAPA. Mwenye Coaster atauliza, nikienda na abiria watano nani atanifidia? Ni swali la haki. Halmashauri ibebe mafuta ya safari mbili za kwanza na hifadhi isamehe ada ya gari kwa wiki mbili. Gharama yake, nadhani, haifiki hata ile ya banda la wizara kwenye maonyesho ya Sabasaba.