Katiba ya Marekani na mlango mwembamba wa Ibara ya Tano



Juma lililopita, katika darsa la vijana la baina ya Magharibi na Isha, kijana mmoja wa kidato cha tatu alitukabili kwa swali. Alikuwa amesoma katika somo la Uraia kwamba Katiba ya Marekani ina umri wa zaidi ya miaka 200, na kwamba katika muda wote huo imerekebishwa mara 27 tu. "Ustadhi," aliuliza, "ni nzuri mno hata haihitaji kubadilishwa, au ni ngumu mno hata haibadiliki?" Tulimjibu maneno machache, mara Isha ikaadhiniwa. Tuliporudi nyumbani tuliona kwamba tumemjibu kijuujuu, na kwamba wazazi wengi huulizwa na watoto wao maswali ya namna hii wakakosa pa kushika. Kwa hiyo leo tunalilipa deni hilo hadharani.

Neno katiba na neno katibu yametoka katika shina moja la Kiarabu, lenye maana ya kuandika. Sisi tuliopewa dhamana ya kuandika mihtasari ya msikiti tunalipenda sana jambo hilo, kwa kuwa linatukumbusha kwamba katiba, kabla ya kuwa jambo kubwa la dola, ni maandishi: kuna watu walioketi wakabishana, na kuna mtu aliyeshika kalamu.

Watu wa Marekani waliketi Philadelphia kuanzia Mei 1787. Kabla ya hapo makoloni 13 yaliyojitoa katika utawala wa Mfalme wa Uingereza yalikuwa yakiongozwa na Mkataba wa Shirikisho, ulioanza kutumika mwaka 1781. Mkataba ule ulikuwa dhaifu kupita kiasi. Serikali ya pamoja haikuwa na uwezo wa kutoza kodi. Iliyaomba majimbo yachange, nayo yalichanga yalipopenda. Mtu yeyote aliyewahi kujenga msikiti kwa kutegemea ahadi tupu za michango anayajua matokeo yake. Tena, kubadilisha hata herufi moja ya mkataba huo kulihitaji ridhaa ya majimbo yote 13. Mwaka 1782 Rhode Island, jimbo dogo kuliko yote, lilikataa pendekezo la ushuru wa forodha, na pendekezo lote likaanguka.

Wajumbe 55 walihudhuria kwa nyakati mbalimbali, Rhode Island ikikataa kutuma hata mmoja. Mwenyekiti wao alikuwa George Washington. Thomas Jefferson, ambaye watu wengi hudhani alikuwamo, alikuwa Paris akiiwakilisha nchi yake. Walifunga madirisha katika joto la kiangazi ili siri ya mazungumzo isitoke nje, na tarehe 17 Septemba 1787 wajumbe 39 wakatia saini. Walikuwa wametumwa kurekebisha mkataba wa zamani. Wao wakaandika katiba mpya kabisa, na wakajiwekea sharti kwamba ikikubaliwa na majimbo tisa itaanza kutumika baina ya majimbo hayo. Kwa hesabu ya sheria waliyoikuta, huko kulikuwa ni kuivunja. Walilijua hilo, na waliokuwa wakiwapinga waliwaambia hivyo waziwazi.

Katiba yenyewe ina utangulizi na ibara saba. Tatu za mwanzo zinaigawa mamlaka: Bunge la Kongresi lenye mabaraza mawili, kisha Rais, kisha Mahakama. Ya nne inahusu majimbo, ya tano namna ya kurekebisha, ya sita ukuu wa katiba juu ya sheria nyingine, na ya saba namna ya kuipitisha. Msingi wake mkubwa ni kutomwamini sana mtawala, awe mwema au mwovu. Kila mhimili umepewa ufunguo wa mlango wa mwenziwe. Kongresi hutunga sheria, lakini Rais anaweza kuipinga kwa kura ya turufu. Kongresi nayo inaweza kuishinda turufu hiyo kwa thuluthi mbili za kila baraza. Rais huteua majaji, lakini hawakai mpaka Seneti iridhie. Wakishakaa, hubaki maadamu mwenendo wao ni mwema, wala yeye aliyewateua hana uwezo wa kuwafukuza. Baraza la Wawakilishi linaweza kumshitaki Rais, ila hukumu ni ya Seneti, na kumwondoa kunahitaji thuluthi mbili.

Majimbo makubwa na madogo nayo yalipatanishwa: katika Baraza la Wawakilishi viti vinafuata wingi wa watu, na katika Seneti kila jimbo lina viti viwili sawa. Matokeo yake leo California, yenye watu wapatao milioni 39, ina maseneta wawili, na Wyoming, ambayo watu wake hawafiki 600,000, ina wawili vilevile.

Sasa tufike mahali panapouma. Neno "mtumwa" halimo katika katiba ile ya mwanzo, lakini utumwa ulikuwamo. Katika kuhesabu watu ili kugawa viti, waliokuwa huru walihesabiwa wote, kisha "watu wengine wote" wakahesabiwa kwa tatu ya tano. Aliyekimbia utumwa akafika jimbo jingine ilipasa arudishwe. Na Kongresi ilizuiwa kupiga marufuku uingizaji wa watumwa kabla ya mwaka 1808. Ibara ya Tano yenyewe, iliyowekwa ili iwe mlango wa marekebisho, ilitiwa kufuli mahali hapo hasa: iliandikwa kwamba kifungu hicho kisiguswe hata kwa marekebisho hadi mwaka huo ufike.

Miongoni mwa walioingizwa ndani ya muda huo alikuwamo Omar ibn Said, mwanachuoni wa Kiislamu kutoka Futa Toro, katika nchi iitwayo sasa Senegal. Alifikishwa Charleston mwaka 1807, miezi tu kabla ya marufuku kuanza. Alimtoroka bwana katili, akakamatwa North Carolina akafungwa, na huko gerezani akaandika Kiarabu ukutani. Mwaka 1831 aliandika tawasifu yake kwa Kiarabu, akaifungulia kwa Surat al-Mulk, sura ambayo tangu aya yake ya kwanza inaeleza kwamba ufalme wote umo mkononi mwa Mwenyezi Mungu. Muswada huo uko leo katika Maktaba ya Kongresi. Yeye alifariki angali mtumwa.

Na ajabu iliyoje, katika North Carolina hiyo hiyo, mwaka 1788, wajumbe walipokuwa wakijadili kama waikubali katiba, Waislamu walitajwa kwa jina. Ibara ya Sita inasema kwamba haitatakiwa kamwe sifa ya dini kuwa sharti la kushika wadhifa wa serikali ya shirikisho. Baadhi ya wajumbe waliingiwa na hofu: je, hata Muislamu anaweza kuwa Rais? James Iredell, aliyekuja kuwa jaji wa Mahakama ya Juu, aliwajibu kwamba huwezi kulifungia kundi moja mlango huo bila ya kuuvunja uhuru wa dini wenyewe. Walikuwa wakibishana juu ya Muislamu wa kufikirika, ilhali Waafrika Waislamu walikuwa mashambani mwa kusini wakilima bila ujira. Katika mkutano ule North Carolina haikuikubali katiba. Iliikubali mwaka uliofuata. Maneno ya Ibara ya Sita yalibaki, na Januari 2007 Keith Ellison, Muislamu wa kwanza kuchaguliwa katika Kongresi, alipopiga picha ya kiapo aliweka mkono juu ya nakala ya tafsiri ya Qur'ani iliyokuwa mali ya Jefferson, ambayo Jefferson aliinunua mwaka 1765 alipokuwa angali akisomea sheria.

Tuingie basi katika mlango wenyewe. Pendekezo la marekebisho hutolewa kwa thuluthi mbili za mabaraza yote mawili ya Kongresi, au na mkutano maalumu unaoitishwa kwa ombi la thuluthi mbili za majimbo. Njia hii ya pili haijatumika hata mara moja. Kisha robo tatu ya majimbo hulazimika kuridhia. Leo ni majimbo 38 kati ya 50. Kwa maneno mengine, majimbo 13 yakigoma, pendekezo limezuiwa. Rais hana saini yake humo. Maelfu ya mapendekezo yamepelekwa Kongresi tangu mwanzo. Yaliyovuka na kupelekwa majimboni ni 33, na yaliyopita ni 27.

Kumi ya kwanza, yaitwayo Hati ya Haki, yalikamilika tarehe 15 Desemba 1791. Yalikuwa deni: majimbo kadhaa yaliikubali katiba kwa shingo upande, yakitaka haki za watu ziandikwe bayana. La kwanza kati yake linaizuia Kongresi kuanzisha dini ya dola au kuzuia watu kufuata dini zao, na linalinda uhuru wa kusema, wa magazeti, wa kukusanyika na wa kupeleka malalamiko serikalini.

Yaliyofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyoua watu zaidi ya 600,000, yalinunuliwa kwa damu: la 13 la mwaka 1865 lilifuta utumwa, la 14 la mwaka 1868 liliwapa uraia wote waliozaliwa nchini chini ya mamlaka yake na ulinzi sawa wa sheria, la 15 la mwaka 1870 lilikataza kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi. Majimbo ya kusini yaliyakwepa hayo mawili ya mwisho kwa hila za karibu miaka 100. Hapa tumwambie kijana wetu kwamba kurekebisha maandishi si kurekebisha watu. Mwaka 1896 Mahakama ya Juu iliyasoma maneno ya Marekebisho ya 14 ikaona kwamba kuwatenganisha watu kwa rangi kunaruhusiwa. Mwaka 1954 iliyasoma maneno yale yale ikaona kwamba shule za kutenganisha watoto haziruhusiwi. Hakuna herufi iliyobadilika katikati. Kwa maoni yetu, kwa kuwa mlango wa Ibara ya Tano ni mwembamba, watu wamezoea kupitia dirisha la majaji, na ndiyo maana uteuzi wa jaji mmoja huko huleta mtafaruku mkubwa kiasi hicho.

Lakini hata mlango mwembamba hupitika, na wakati mwingine kwa msukumo mdogo sana. Mwaka 1920 Marekebisho ya 19, ya kuwapa wanawake kura, yalibakiza jimbo moja tu, na Bunge la Tennessee liligawanyika nusu kwa nusu, 48 kwa 48. Harry Burn, mbunge wa miaka 24, mdogo kuliko wote, alikuwa amevaa waridi jekundu, alama ya wapinzani. Mfukoni alikuwa na barua ya mama yake, mjane, akimwomba awaunge mkono wanawake. Jina lake lilipoitwa tarehe 18 Agosti, alisema ndiyo. Alipoulizwa, alieleza kwamba ushauri wa mama ndio salama zaidi kwa mwana kuufuata. Msomaji wa ukurasa huu hahitaji kufafanuliwa jambo hilo.

Na la 27, linalozuia nyongeza ya mshahara wa wabunge kuanza kabla ya uchaguzi unaofuata, lilipendekezwa mwaka 1789 likasahauliwa. Mwaka 1982 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Texas aliandika insha kwamba bado li hai kisheria, akapewa alama C. Alianza kuyaandikia barua mabunge ya majimbo, na mwaka 1992 likapita, miaka 202 baada ya kupendekezwa na ushee.

Kuna jambo moja la kiuandishi ambalo sisi makatibu hatuwezi kulipita. Kamati yetu iliporekebisha kifungu cha akidi ya mkutano mkuu, tulichapa katiba ya msikiti upya, na kifungu cha zamani sasa hakionekani ila katika daftari la mihtasari. Wamarekani hawakufuata njia hiyo. James Madison alitaka marekebisho yafumwe ndani ya matini. Wenziwe wakaamua yaongezwe mwishoni, na ndivyo yalivyo hadi leo. Hivyo mtoto anayeifungua katiba yao bado anakutana na ile tatu ya tano, na bado anakutana na mwaka 1808 ndani ya Ibara ya Tano, kisha lazima aendelee hadi mwisho ndipo ajue yaliyotenguliwa.

Kijana wetu ameahidi kuisoma yote kabla ya darsa lijalo. Si ndefu, maneno yake ya asili hayafiki 5,000. Tumemwambia aanzie nyuma.

Wabillahi tawfiq.