Kamba ya Mbwa Nayo Yapasa Isomeke

Katika malango mengi ya Eldoret huning'inizwa kibao chenye maneno mawili: "Mbwa Kali". Mimi nifundishaye isimu nimewasahihishia wanafunzi kosa hilo mara nyingi. Mbwa ni kiumbe mwenye uhai, kwa hivyo ni "mbwa mkali". Hata hivyo, sina budi kukiri kwamba kibao hicho chakosea sarufi tu, hakikosei ujumbe. Mpita njia hukiona, akaelewa, akajihadhari.

Je, mbwa huyo atolewapo kutembezwa, ni nani humwonya mpita njia? Kibao hubaki langoni. Kinachotoka na mbwa ni kamba. Ndiyo maana nashikilia kwamba kamba hiyo ni ishara pia, si kifungo tu. Na ishara isiyoonekana si ishara.

Nasema haya nikiwa mkosaji. Alfajiri moja, yapata saa kumi na mbili, nilikuwa nikimtembeza mbwa wangu kando ya barabara kwa kamba nyembamba, nyeusi. Msichana wa shule alikuja mbio akitaka kupita kati yetu. Alijikwaa, akaanguka, na mbwa akashtuka, akambwekea usoni. Hakumuuma. Nilipomwinua na kumwomba radhi, alisema neno moja tu huku akitetemeka: "Sikuiona."

Hofu yake haikuwa ya kitoto. Takribani visa vyote vya binadamu kuambukizwa kichaa cha mbwa hutokana na mbwa, na dalili zikishajitokeza ni nadra mno mgonjwa kupona. Kenya imejiwekea lengo la kukomesha vifo hivyo ifikapo mwaka 2030. Chanjo ndiyo ngao kuu, na kamba haishiki nafasi yake. Lakini mtoto hawezi kuisoma chanjo iliyomo mwilini mwa mbwa. Akionacho ni kamba, ikiwa yaonekana.

Wapo watakaosema, "Huyu wangu hana neno." Yamkini ni kweli. Ila ukweli huo aujua mwenye mbwa peke yake. Eldoret imekuwa na hadhi ya jiji tangu Agosti 2024, na alfajiri njia zake huwa na wanariadha wafanyao mazoezi, wanafunzi waendao shuleni na waendeshaji bodaboda. Wengi wao hawamjui mbwa wako, wala hawana wakati wa kuuliza.

Basi tuchague vipi? Kwanza, rangi: manjano au chungwa, na utepe unaong'aa umulikwapo na taa, mfano wa ule ulio kwenye jaketi za waendeshaji pikipiki. Pili, upana: ukanda wa upana wa vidole viwili hivi hauukati mkono mbwa avutapo. Kamba ya nailoni huunguza kiganja, nao mnyororo humlemea mbwa shingoni. Tatu, urefu: mita moja na nusu yatosha. Zile kamba zijikunjazo ndani ya kijisanduku cha plastiki humwacha mbwa afike mbali, na uzi wake mwembamba ndio mtego wenyewe. Mwisho, ukanda wa shingoni uruhusu vidole viwili kupita chini yake, maana mbwa anayekabwa hatembei kwa utulivu.

Hayo yote si anasa ya matajiri. Fundi wa viatu aweza kuushona ukanda wa namna hiyo, akautia kitanzi upande mmoja na kulabu upande wa pili. Nami walimu wenzangu nawaomba: tunapowafundisha watoto kusoma alama za barabarani, tuwafundishe pia kumtazama mbwa aliye njiani, waone kama ameshikwa, na ameshikwa na nani.

Mimi nilikwenda kwa fundi juma lile lile. Msichana yule bado hupita njia ile alfajiri. Siku hizi hupunguza mwendo angali mbali, akautazama ukanda wa manjano, kisha akapitia upande wangu, si upande wa mbwa. Hatujasemezana tena, lakini ameusoma.