Tiba ya mifupa isisahau unyumba

Ajali za barabarani huwavunja viungo watu wa kila rika, lakini waathirika wake wakubwa ni vijana na watu wa makamo, yaani nguvukazi ya taifa na wazazi wa familia changa. Katika kuwahudumia, taifa limepiga hatua isiyobezeka. Taasisi ya Tiba ya Mifupa Muhimbili iliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996, na mgonjwa aliyevunjika paja, ambaye zamani angelala wiki nyingi mguu ukivutwa kwa vizito, siku hizi aweza kuwekewa chuma ndani ya mfupa na kuanza kutembea kwa magongo baada ya siku chache.

Hata hivyo, liko jambo ambalo tiba hii bado inalikalia kimya, nalo ni unyumba. Mgonjwa huulizwa kama anasikia maumivu na kama anaweza kukunja goti. Ni nadra kuulizwa kama ameweza kurejea katika maisha ya ndoa. Kwa hiyo picha ya eksirei huonyesha kwamba mfupa umeunga, kumbe nyumbani kuna jeraha ambalo hakuna aliyelitazama.

Jambo hili si porojo wala si aibu ya mtu mmoja. Nyonga inapovunjika, mishipa ya damu na mishipa ya fahamu inayopita humo yaweza kukatika au kuvutika, na njia ya mkojo yaweza kuchanika. Mwanamume aweza kupungukiwa nguvu za kiume, na mwanamke aweza kupata maumivu makali wakati wa tendo la ndoa. Aidha, matibabu yenyewe yana gharama zake. Katika baadhi ya upasuaji wa paja na nyonga, mguu huvutwa huku nguzo ya meza ikiwa katikati ya mapaja. Nguzo hiyo ikigandamiza kwa nguvu au kwa muda mrefu, mshipa wa fahamu wa sehemu za siri huumia, na mgonjwa huzinduka akiwa na ganzi. Mara nyingi ganzi hiyo hutoweka yenyewe baada ya wiki au miezi. Lakini mtu asiyeambiwa hayo atajuaje? Vilevile, dawa kali za maumivu za jamii ya mofini, zikitumiwa kwa muda mrefu, hupunguza homoni na hamu.

Gharama ya ukimya huo ni kubwa. Mathalan, mwalimu aliyerudi kijijini na chuma pajani hujiona amekwisha, humkwepa mkewe, naye mke hudhani kwamba ameacha kupendwa. Ugomvi huingia nyumbani, na mume huishia kwa mchuuzi wa dawa za nguvu za kiume zisizojulikana zimechanganywa nini. Ndoa nzima yaweza kuvunjika kwa sababu ya jambo ambalo daktari angelieleza kwa dakika tano.

Wapo watakaosema kwamba mila zetu haziruhusu mambo haya kutajwa. Hoja hiyo haina msingi. Makungwi na manyakanga wa jando na unyago waliyafundisha mambo ya unyumba waziwazi, kwa heshima na kwa mahali pake. Kilichokatazwa ni kuyaropoka ovyo. Kuyafundisha hakukukatazwa kamwe. Wahenga nao walikata shauri zamani waliposema kuwa mficha uchi hazai.

Wengine watasema kwamba madaktari ni wachache na wagonjwa ni wengi. Hilo ni kweli, lakini jambo linalotakiwa hapa halihitaji mashine wala fedha za kigeni. Yatakiwa kwanza kwamba swali la unyumba liwe sehemu ya maswali ya kawaida anayoulizwa kila mgonjwa wa nyonga, paja au uti wa mgongo, mwanamume na mwanamke sawasawa, tena faraghani. Pili, vyuo vya uuguzi viwafunze wanafunzi wao kuuliza bila kicheko na bila kuhukumu. Tatu, mwenzi wa mgonjwa, kwa ridhaa ya mgonjwa, aitwe kabla ya ruhusa ya kwenda nyumbani, waelezwe wote wawili ni lini waweza kurejea salama na ni mkao upi usiodhuru kiungo. Nne, anayehitaji tiba zaidi apelekwe kwa mtaalamu wa njia ya mkojo au wa magonjwa ya wanawake, kwani mengi ya matatizo haya yana tiba.

Mwananchi haendi hospitali kuungiwa mfupa peke yake. Huenda ili arudishwe kazini na nyumbani kwake akiwa mtu kamili. Tiba inayomrudisha kazini na kumwacha mgeni katika chumba chake mwenyewe imefanya nusu ya kazi, na hapana budi nusu iliyobaki ifanywe.