Goti Limepona, au Magongo Tu Ndiyo Yameondoka?

Mwezi huu habari za michepuko na michango ya harusi tunaziweka pembeni, tunaongelea goti. Ndiyo, goti. Usifunue ukurasa kwanza, maana kidonda cha goti kinaweza kuleta kasheshe ndani ya nyumba kuliko simu yenye nywila.

Ukitoka kufanyiwa upasuaji, wiki 2 za kwanza kila mtu anakupenda. Mashoga wanakuja na matunda, jirani analeta supu ya kuku wa kienyeji, shemeji anakuja na dumu la asali ya huku kwetu Katavi (na asali ya Katavi, jamani, msiifananishe na nyingine). Mwenzi wako anakupelekea ndoo ya maji bafuni bila kuombwa. Ukipita mtaani, magongo yanakuombea njia. Shughuli inaanza mwezi wa tatu, magongo yakishaingia uvunguni na wewe unatembea mwenyewe hadi Makanyagio na kurudi. Hapo wageni wamekwisha, pole zimekwisha, na hata mtu wako anakuona mzima. Kumbe ndiyo miezi goti linapotaka kulindwa kweli kweli.

Mimi ligamenti ya ndani ya goti, ile madaktari wanaiita ACL, ilikatika kwenye bonanza la netiboli hapa Mpanda. Sikusukumwa na mtu. Nilidaka mpira, nikatua, nikageuka, nikasikia mlio kama kijiti kikavu kinavunjika. Mtaani wanasema "mshipa umekatika", lakini huu si mshipa wa damu. Ni kano ngumu kama kamba inayoshika mfupa wa paja na wa muundi, ili goti lisichomoke ukikata kona. Basi safari ya Dar ikaanza, na ukitokea Mpanda, Dar si karibu: treni yetu inakwenda hadi Kaliua ndipo iikute reli ya kati, na goti lililovimba halina subira hiyo. Kule daktari anaingia kwa kamera kupitia matundu madogo, anachukua kano kutoka sehemu nyingine ya mwili wako, yangu ilitoka nyuma ya paja, anaipitisha ndani ya mifupa iwe kamba mpya.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawaambiwi, au wanaambiwa wakiwa bado na usingizi wa ganzi. Kamba hiyo ikishapandikizwa inakosa damu kwa muda, chembe zake nyingi zinakufa, halafu mwili unaijenga upya pole pole. Matokeo yake, baada ya miezi 2 au 3 inakuwa dhaifu kuliko siku ilipowekwa. Yaani wakati maumivu yanaisha na wewe unaanza kujiona mzima, ndani kamba ndiyo inayumba. Utafiti wa Norway na Marekani uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta kwamba kwa kila mwezi mtu aliochelewa kurudi michezoni, mpaka kufikia mwezi wa tisa, uwezekano wa kuumia tena ulipungua kwa karibu nusu. Mashabiki wa Liverpool mnamkumbuka Virgil van Dijk: aliumia Oktoba 2020, akagusa mpira tena kwenye mechi ya kirafiki Julai 2021. Huyo ana klabu nzima ya kumhudumia. Wewe una mume mmoja na baiskeli.

Na baiskeli, niwaambie, inatosha sana. Phoenix yetu ya zamani tuliitegesha kwenye stendi yake, gurudumu la nyuma likaelea, nikawa napiga pedali uani dakika 20 kila jioni. Kanga ndiyo kamba yangu ya kuvutia kisigino nikijifunza kukunja goti. Uzito wa kufungia kifundoni ni soksi iliyojazwa mchele. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, kwa hiyo fundi seremala alitugongea kiti chenye tundu, na wageni wote walikisifia kuliko sofa.

Lakini mwezi wa tatu nyumba ikapoa. Nikimwomba mwenzangu ndoo, ananijibu, "Si umeshapona wewe?" Hakusema kwa ubaya, alikuwa amechoka. Miezi 3 ya kupika, kufua na kumpeleka mtoto shule si mchezo, na hakuna anayempa pole mtu anayeuguza. Sikubishana naye. Nilimwomba tu twende wote kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Dada yule akachukua utepe wa fundi cherehani, akapima mapaja yangu mbele yake. La kulia lilikuwa dogo kwa sentimita 3. Mzee mzima akaomba apime mwenyewe. Njiani kurudi hakusema kitu, ila jioni alinikalisha kwenye Phoenix akaanza kuhesabu dakika.

Mwezi wa nne tukaenda kwa wakwe zangu Mpimbwe, Wasukuma waliohamia huku na ng'ombe wao. Kwa desturi yao, mke akimnawisha mkwe anapiga goti. Mimi nilikuwa nimeruhusiwa kutembea na kupanda ngazi, kupiga goti bado. Sasa umevaa kitenge chako, huchechemei, nani atakuelewa? Shangazi mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Magoti ya mjini hayakunjiki." Nikaona aibu inanipanda hadi masikioni, na nusu ya akili yangu ikaniambia piga tu, mara moja haiui.

Mume wangu akainuka, akachukua jagi na beseni, akapiga goti yeye mbele ya baba yake. "Baba, mkweo daktari amemzuia. Leo nakunawisha mimi." Kimya. Mzee akanyoosha mikono, akanawa taratibu, kisha akasema, "Haya, ukimaliza na miguu usiisahau." Watu wakaangua kicheko, hata shangazi. Mama mkwe akaniita ndani, akataka kuona kovu, akaniagiza nikaloweke goti kwenye chemchemi za Majimoto. Nikamwambia ahsante mama, nitamuuliza daktari.

Na mambo ya chumbani? Najua ndiyo mlikuwa mnasubiri. Muulizeni daktari wenu bila kuona haya, wanaulizwa kila siku. Kwetu ilikuwa mto mmoja chini ya paja, hakuna kupiga magoti, na ruhusa ya kucheka ikitokea "aii!" katikati ya shughuli.

Sasa niko mwezi wa saba. Wa tisa narudi Dar kupimwa, kuruka kwa mguu mmoja, na wa kulia unatakiwa ufikie angalau asilimia 90 ya wa kushoto. Wenzangu wa netiboli wameshanitumia ujumbe kuuliza jezi yangu wampe nani. Nimewaambia waikunje, waiweke.