Majengo ipewe hati kabla ya lami
Na Njeru Muriithi

Mjini Embu, mtaa wa Majengo hutajwa kwa haraka, kana kwamba ni jamaa anayetutia aibu. Linaniuma jambo hilo, maana ni kwenye mitaa ya namna hiyo miji yetu ilikojifunza kuwa miji.

Waingereza waliishinda Embu mwaka 1906 wakajenga boma. Miaka miwili baadaye E. B. Horne, ambaye Wameru walimwita Kangangi, akafungua la Meru. Maboma hayo yaliandamana na askari, wapagazi, wapishi na wachuuzi, wengi wao Waislamu wa kutoka mbali, wasio na shamba la ukoo la kurudia jioni. Watu kama hao ndio waliozianzisha Majengo zetu, Embu na Meru, kama ile ya Pumwani, Nairobi, ya miaka ya 1920. Mkoloni alimruhusu Mwafrika kuezeka nyumba mjini, lakini kiwanja kikabaki cha serikali.

Ingia katika nyumba ya zamani ya Majengo. Ukumbi mwembamba unapita katikati, vyumba huku na huku, na nyuma kuna ua wenye jiko, mfereji na choo vya wote. Alfajiri mama anakaanga mahamri hapo uani, huku mpangaji wa Mbeere, wa Tigania na wa Ukambani wakikinga maji kwenye mfereji mmoja. Wanasalimiana kwa Kiswahili, na watoto wao wanakua nacho. Shule zetu zinahangaika kukifundisha Kiswahili. Uani kinaokotwa bure.

Tangu 2011 mradi wa serikali wa kuboresha makazi duni, KISIP, umeingia katika miji kadhaa, Embu ikiwamo, ukileta barabara, taa, mitaro na hati za umiliki. Nauunga mkono kwa moyo wote. Ninachodai kwa mtaa wowote wa aina hii ni hati kwanza. Lami ikishatandikwa bei ya kiwanja hupanda, na mjane asiye na karatasi ndiye huondolewa mwanzo.

Kaunti zote mbili, Embu na Meru, ziandike daftari la wenye nyumba na kulisoma hadharani, pale pale mtaani, wazee wanaojua nani alijenga wapi wakiwa bado hai. Na palipo na jasho la mwanamke liandikwe jina lake, si la kaka wala la mwana. Pumwani wanawake wengi walijenga kwa fedha zao wenyewe. Sioni kwa nini huku kwetu wafutwe.